Jogoo wa Baba Mkwe na Hati ya Wito

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mwenyekiti wa kitongoji kaja mpaka jikoni na hati ya wito. Mimi, shahidi! Kesi ya jogoo wa baba mkwe, Mzee Mwishehe, aliyebebwa na Didas siku ya msiba wa shangazi. Didas ni Mnyamwezi, mtani wetu. Mtani akibeba kuku msibani mnamgomboa kwa vijisenti, mnacheka, yanaisha. Baba mkwe kagoma kugomboa. Kasema wizi ni wizi.
Nikazamisha mikono kwenye unga nisisaini. Mwenyekiti akakaa. Akasubiri mpaka nikanawa!

Jumanne, 5 Agosti
Baba mkwe kaitangazia Msimbu nzima kwamba mkwewe aliona kila kitu. Ni kweli. Nilimwona Didas akimkimbiza jogoo. Nilimwona Maulidi — mume wangu, mtoto wake wa kumzaa! — akimchinja, maana Didas Mkristo na sisi tulitaka kula. Sufuria yangu. Paja nililila mimi. Hilo ndilo asilolijua mzee. Akijua, tutahama nyumba yake.
Maulidi anasema nijifanye mgonjwa. Mwoga yule!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekimbilia Kibaha kwa dada Zubeda. Anafagia ofisi ya wakili, basi naye wakili. Kasema usipotokea bila sababu ya maana, hakimu anaamuru ukamatwe, na Kibaha si Ulaya. Ukiapa ukadanganya, kosa. Je, nikinyamaza? Kosa pia!
Sasa mtu afanyeje?
Asile kuku wa kesi, kasema Zubeda.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimerudi. Tumbo linauma kweli sasa, na hakuna anayeamini.

Jumanne, 12 Agosti
Mahakamani, Kisarawe. Nimeapa, Msahafu mkononi. Nikaeleza msiba, utani, mbio za Didas — hakimu akacheka mpaka akafuta macho. Kisha kauliza: baada ya hapo jogoo alikwenda wapi?
Nikafungua mdomo — adhana! Kaahirisha mpaka saa nane. Kasema kiapo changu bado kipo palepale.
Naandika hapa benchini. Naogopa jamani. Maulidi kaenda kuswali, sijui rakaa ngapi hizo, harudi. Baba mkwe kaja na sahani mbili za pilau. Yangu kaiwekea paja la kuku. Kula mwanangu, kasema, upate nguvu ya kusema kweli.
Amekaa pembeni yangu. Anasubiri nianze.