Gari Lako Linalala Barabarani, Baba

Baba,

Ijumaa baada ya sala tulikuja kwako, mimi na Ami Hemed. Yeye aliingia ndani ya ukuta wa makaburi akakusomea Yasini. Mimi nilibaki nje. Ami alidhani nimebaki kwa adabu, mambo ya wanawake na makaburi, na njiani wakati wa kurudi akanisifu. Ukweli ni kwamba nilibaki kwa ajili ya gari lako. Palikuwa na mbuzi wanazurura pale, na vijana wa bodaboda wamesimama karibu mno, nikaona siwezi kuliacha peke yake hata kwa muda wa dua moja. Nikakuombea nimeegemea bampa, macho yangu kwa mbuzi. Yale niliyotaka kukwambia sikuyasema, ndiyo maana naandika.

Nimechoka, Baba. Acha nianze na hilo, mengine yatafuata.

Mama ametoka eda, alhamdulillahi. Sukari yake inapanda na kushuka, kila mwezi nampeleka kliniki. Nyumba yetu ya mtaa wa Mabawa imeuzwa, kila mtu akachukua fungu lake kama sheria inavyotaka, na mwenye nyumba mpya amevunja banda la gari akajenga fremu za maduka. Pale alipokuwa akilala Mwanaidi, kama ulivyoliita gari lako, sasa wanauza vocha na mafuta ya kupikia. Nilipita mara moja tu. Sasa napita njia nyingine.

Mimi na Mama tumepanga Nguvumali. Nyumba nzuri, ina maji, majirani watu wa heshima. Lakini haina uwanja. Mlango unafunguka, na hapo hapo ni barabara. Kwa hiyo gari lako linalala nje, Baba. Nimelinunulia turubai, nalifunika jioni, nalifunga kamba kama mzigo wa mkaa. Asubuhi naamka kabla ya adhana nitazame kama bado lipo. Shingo yangu imekuwa na tabia ya kugeuka yenyewe.

Siku ile uliponikabidhi funguo ulikuwa umelala kitandani, na Kaka Suleiman alikuwa amekuja kutoka Maskati kukuuguza. Ulimwita yeye na Ami wawe mashahidi. Ukasema, "Rukia, hili nimekupa. Wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia tochi nikilitengeneza." Ami akaguna, akasema gari lile ni la mwanamume. Wewe ukamwambia, "Basi mwanamume aje aliwashe." Nikacheka siku ile. Sikujua nakabidhiwa pamoja na wasiwasi wako.

Maana ulikuwa na wasiwasi, Baba, na sisi tuliuona kama sehemu ya mwili wako, kama masharubu. Gari la Kiingereza la milango miwili, rangi ya maziwa yaliyodondokewa na chai kidogo, kiwanda chake kimefungwa kabla sijazaliwa. Tanga nzima hakuna jingine. Wewe ulikuwa ukisema Tanzania nzima, na sikumpata mtu wa kukubishia. Ukienda sokoni, ulikaa ndani ya gari ukamtuma Mama. Ukienda msibani, ulitoa mkono wa pole mlangoni ukarudi garini. Tulipokuwa wadogo tulidhani baba wote wako hivyo.

Sasa ni mimi. Naliegesha mbele ya duka la dawa ninapofanya kazi, na nikimweleza mtu namna ya kumeza vidonge, nusu ya akili iko nje. Siku moja bwana mmoja ameweka kikombe chake cha kahawa juu ya boneti, anazungumza na mwenzake kana kwamba yuko barazani kwao. Siku nyingine bibi harusi na bwana harusi, watu nisiowajua kabisa, wamelilalia wanapigwa picha, na shela ina vishanga vinavyokwaruza. Nikatoka mbio na koti langu la kazi. Bibi harusi akaniambia, "Dada, tuvumilie, ni siku yetu." Nikawapongeza. Kisha wiki iliyofuata nembo ya mbele ikang'olewa. Mchana, watu wamejaa barabarani, na hakuna aliyeona. Nililia pale pale kaunta, mteja akadhani nimefiwa upya.

Kaka Suleiman ananiambia kwa simu, "Liuze au lifungie." Nilifungie wapi? Wako watu wa Dar es Salaam waliokuja kulitazama, wakalizunguka na kupiga piga milango kama wanaonunua ng'ombe. Niliwapa soda nikawaambia njia ya kurudi.

Hayo ndiyo mabadiliko. Lakini nilichotaka hasa kukwambia ni habari ya Kigombe.

Mama Mdogo Saida aliozesha binti yake. Mama alitaka twende na gari lako, alisema dada yake hatamsamehe akifika na gari la kukodi. Tukaondoka asubuhi, yeye na gauni lake la zari, mimi usukani. Tulipokaribia Kigombe nikaanza kumuuliza kama pale kwa Mama Mdogo pana mahali pa kuegesha, pana kivuli, pana geti. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, polepole, akitazama mbele:

"Rukia, unajua nilikuzaa baba yako akiwa wapi?"

Nikasema, "Hospitali, nje, anangoja."

"Ndani ya gari. Alikuja mama yangu kumgongea kioo kumwambia amepata mtoto. Na harusi zote nilizokwenda na mume wangu, niliingia peke yangu nikala peke yangu. Watu wakiniuliza Bwana Nassor yuko wapi, nasema yuko nje anakuja. Hakuwa akija." Akanyoosha zari ya gauni lake. "Nilimpenda. Lakini mke mwenza niliyekuwa naye ana magurudumu. Sasa naona amekurithi wewe."

Mikono yangu ilikuwa imeushika usukani ule ule.

Tulipofika, nyumba ya Mama Mdogo ilikuwa imezungukwa na minazi, na minazi ina nazi. Nilifikiria nazi moja ikidondoka juu ya paa. Basi nikateremka mpaka pale wazi, chini, karibu na ufuo, mchanga mgumu, hapana mti, hapana mtu. Maji yalikuwa mbali kabisa, wanawake wanatembea kutafuta chaza. Nikajisifu kwa akili. Nikataka kubaki humo ndani, nipate upepo. Mama akashuka, akasimama na mkoba wake, akanitazama. Hakusema neno. Baba, kama angesema neno ningeweza kubishana naye.

Nikafunga milango nikaingia naye.

Sitakudanganya, mwanzoni nilikaa kama mtu aliyekalia moto. Kisha wakaleta sinia, Mama akanisogezea nyama upande wangu kama nilipokuwa mdogo. Wanawake wakaanza kuimba. Bibi harusi alipotolewa, Mama aliangua vigelegele ambavyo sikujua kama bado anavyo kifuani. Nikasahau. Wallahi nikasahau kabisa kwamba nina gari.

Tuliposwali alasiri nikatoka kulitazama. Nikateremka. Pale nilipoliacha palikuwa na bahari.

Si karibu na bahari, Baba. Bahari yenyewe, mawimbi yanapiga mahali nilipokuwa nimesimama kwa viatu. Ilikuwa bamvua, maji makuu ya mwezi mchanga, jambo ambalo kila mtoto wa Kigombe analijua na mimi mtoto wa mjini silijui. Nilikaa chini kwenye mchanga na nguo zangu za harusi. Na jambo la kwanza nililohisi, nakwambia kwa kuwa nimeamua kukwambia yote, lilikuwa nafuu. Kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Huzuni ilikuja baadaye, ikaja na aibu, lakini ya kwanza ilikuwa nafuu.

Ndipo nikasikia mtu ananiita kutoka juu, "Wee bint Nassor! Unatafuta nini huko? Gari yako iko huku!"

Alikuwa mzee mwembamba, kikoi kimemwagikiwa masala, mwiko mrefu mkononi. Mpishi wa harusi. Nyuma ya majiko yake, kati ya minazi, Mwanaidi alikuwa amesimama, mkavu. Wapishi na wavuvi walikuwa wamelisukuma kwa mikono mpaka juu, maji yakiwafuata miguuni.

Nikamuuliza mzee yule wamefunguaje, maana funguo ninazo mimi. Akacheka. "Kidirisha cha pembe tatu upande wa dereva hakishiki. Ukikibonyeza chini kinafunguka. Baba yako ndiye aliyenionesha."

Anaitwa Faki, Baba. Mpemba, kahamia huku tangu ujana wake, anapika shughuli kuanzia Pangani mpaka mjini. Wewe unamjua. Mimi na Mama ndio tulikuwa hatumjui.

Mama alikuwa amenifuata, amekuja taratibu akishika minazi. Mzee Faki akamwamkia kwa heshima, akampa pole, akatafuta kigoda akamkalisha. Kisha akasema hakuna harusi aliyopika ukaja usiende nyuma kwake. Unaegesha gari unapoweza kuliona kutoka jikoni, unavua kanzu unaitundika mahali, unakaa kwenye kinu kilicholazwa, unasema, "Faki, lete vitunguu."

Mama akasema, "Vitunguu?"

"Vitunguu, bibi. Alikuwa akikata vyembamba, sijapata mtu kama yeye. Analia machozi, anapiga soga, anakata. Biriani ikiiva sahani ya kwanza yake. Tulipopata habari za msiba tukiwa jikoni tulizima moto tukamsomea."

"Nassor?" Mama akasema. "Nassor wangu mimi?" Akamtazama Faki, akanitazama mimi. "Miaka yote niliyokaa naye hajanimenyea hata kimoja!"

Nilidhani atalia. Alicheka, Baba. Alicheka mpaka kilemba kikamteleza, akashika magoti, wapishi nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Tangu uondoke sijamsikia akicheka vile. Kisha ndiyo, alilia pia, lakini akiwa katikati ya kicheko, na Mzee Faki akamwambia asijali, ni moshi.

Mlango wa kushoto umebonyea. Walipokuwa wakisukuma liligusa mnazi, na mkwaruzo unaanzia kitasani mpaka karibu na gurudumu la nyuma. Mzee Faki alinionesha mwenyewe, uso umemshuka, akaomba radhi kana kwamba ameua. Nilipitisha kidole. Nilingoja niumie. Nilikuwa nimechoka mno hata kuumia. Nikamwambia, "Mzee wangu, bila nyie ningekuwa na pweza ndani ya gari." Wakatufungia biriani tukaondoka nayo.

Njiani Mama aliongea mpaka tunaingia mjini. Kila mara ananyamaza, kisha, "Vitunguu!" Anakukasirikia sana, nataka ujue. Anasema angejua angekuja kukaa nyuma huko nawe. Kwa nini hukumwambia? Au ulidhani atakucheka? Angekucheka. Ungekuwa umempa kitu cha kucheka kwa miaka mingi.

Fundi wa Mabawa amelitazama, anasema mlango utanyooka, rangi ndiyo haitapatikana ile ile. Nimemwambia anyooshe, rangi aache tutafikiria. Kaka Suleiman nilimtumia picha. Alikaa kimya siku nzima, kisha akaandika, "Mmeumia?" Nikamjibu hapana. Akaandika, "Basi." Sikutarajia kwake.

Bado linalala barabarani. Bado asubuhi natazama, sitakwambia nimepona. Juzi mtu amechora moyo kwenye vumbi la kioo cha nyuma, ndani yake ameandika jina la mtu anaitwa Zaituni. Nimeuacha mpaka mvua ilipoufuta.

Nakuandikia nikiwa kliniki, kwenye benchi la ukutani, Mama yuko pembeni yangu anasinzia. Zamani nilikuwa nikimwacha hapa na kadi yake, nakwenda kukaa garini, nesi akimwita anaingia peke yake, na daktari akimweleza jambo anakuja kunihadithia nusu yake. Leo nimeegesha kule ng'ambo, nyuma ya magari ya watu. Kutoka hapa nilipokaa silioni.

Nakuahidi sitaliuza. Na nakuahidi kwamba popote litakaponifikisha na Mama, nitashuka naye. Likibonyea, litabonyea. Likiibiwa, nitalia, kisha nitapanda bodaboda kurudi nyumbani. Nisamehe kama sivyo ulivyotaka, au labda ndivyo, sijui tena wewe ulitaka nini. Mungu akupe nafasi pana huko uliko, Baba, na watu wa kupiga nao soga.

Nesi ameita jina la Mama. Namwamsha, tunaingia wote.

Mwanao,
Rukia