Nani Aliwaosha?

Wete, Jumanne usiku, 1961

Na mimi nililiona swali la kitoto tu.

Leo nimewasomesha wasichana Vita vya Msalaba. Niliwaeleza jinsi wale Wazungu walivyoaga kwao kwenda kupigana na Waislamu katika mji mtakatifu wa Baitul Muqaddas, mara wakageuza njia wakauvamia mji wa Wakristo wenzao, wakaua na kupora. Darasa likacheka. Nami nikacheka.

Asha hakucheka. Akanyoosha mkono. "Maalim, waliokufa mle, nani aliwaosha?"

Nikamjibu kwamba kitabu hakisemi, nikafuta ubao.

Alasiri ikaja habari kuwa jirani yetu Bi Time kafariki. Maiti wa kike mtaa huu huoshwa na mimi, tangu mama yangu alipofariki. Nikatoa kanga yangu ya kazi hiyo. Mume wangu, Hamad, akasimama mlangoni.

"Huendi. Wale si chama chetu, uchaguzi umeshatutenga. Na waoshane wenyewe."

"Hamad, yule jirani. Muislamu mwenzetu!"

"Ukenda, usirudi humu."

Nikakaa. Astaghfirullah, nimekaa kitako, kanga mapajani, kama mtu asiyejua kazi yake. Naogopa talaka. Naogopa wanangu watalala wapi. Mama akisema mwosha huoshwa, na mimi je, nikifa...

Lakini ninaloliogopa zaidi ni siku Asha atakaporudi darasani. Bi Time alikuwa mahututi wiki nzima, na Asha ni mjukuu wake. Hakuwa akiniuliza habari za Wazungu.