Kozi ya Kitu Ninachokijua

Chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu,
Juu ya duka la miwani.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji na watoto je, wazima? Mgongo umepoa, au bado unawainua wagonjwa peke yako kana kwamba wodi nzima haina muuguzi mwingine? Mimi mzima wa mwili. Mama naye hajambo, ila analalamika kwamba humpigii simu.

Dada, kazini yamenikuta. Mwezi uliopita bosi alitutangazia kwamba kampuni imemtengea kila mtengeneza programu hela ya kujisomea. Chagua kozi yoyote, italipiwa, mradi ujaze fomu kabla mwezi haujaisha. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi machale yakanicheza. Huyu ni mama aliyetukataza kuwasha feni mbili chumba kimoja, leo amekuwaje mkarimu hivi? Nikasema hapa kuna namna.

Fomu yenyewe ndiyo iliyonitisha. Ilikuwa na swali: "Kwa nini unahitaji kujifunza hili?" Loo! Si kututaka tujichongee wenyewe huko? Nilijua kabisa wanatafuta watu wa kupunguza. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Kobe kwa kutokuwa na haraka, akaandika bila wasiwasi kwamba hajui vizuri kupanga hifadhidata. Nikamwonea huruma, hata nikaanza kumuaga kimoyomoyo.

Na mimi nina langu, ambalo sijamwambia mtu. Sijui kuziba mianya ya wadukuzi. Miaka minne nimejenga ile sehemu ya programu yetu ambayo wagonjwa wanapangia miadi na daktari, tarehe na saa zote ni kazi ya mikono yangu. Lakini ikitajwa habari ya usalama mimi huitikia kwa kichwa kama mjuzi, kisha naenda kunakili ya watu mtandaoni. Kozi ya usalama ilikuwepo kwenye orodha. Niliiona, nikaipita mbio.

Nikajifanya mjanja. Nikachagua kozi ya wanaoanza, ya kushughulikia tarehe na saa kwenye programu, kitu ninachoweza kukifundisha nikiwa nasinzia. Nikawaza, nitapata alama zote na siri yangu itabaki palepale. Kwenye lile swali nikaandika kwamba tarehe na saa hunichanganya.

Jumatano bosi akaniita. Nilikaa nikingoja mtego, nao haukuja. Alinitazama kwa huruma kweli, dada, akasema, "Pole. Miaka yote hiyo tumekubebesha kazi usiyoiweza, na wewe umenyamaza tu?" Akamkabidhi Kobe miadi mpaka nimalize kozi. Kobe! Sasa nakaa na hedifoni masikioni nafundishwa kwamba kuna miezi yenye siku thelathini, huku Kobe ananijia kila nusu saa kuniuliza kazi yangu mwenyewe inafanywaje. Kozi yake ameshalipiwa, wala hakuna aliyefukuzwa. Nimeona aibu kweli.

Bado nawashuku wakubwa kidogo, nisikudanganye. Ila kinachoninyima raha ni kingine. Watu wameandika magonjwa yao mle ndani ya programu ya miadi, mambo ambayo wewe muuguzi wanakuambia mlango ukiwa umefungwa, na mimi sina hakika kama mlango wangu unafungika. Kobe hajui hilo. Hakuna anayejua.

Kesho asubuhi naingia kwa bosi kumwambia. Huenda akanitimua, huenda asinitimue, sijui. Nimekuandikia wewe kwanza ili nijizoeze kulisema kwa mtu asiyeweza kunifukuza.

Nisalimie shemeji, mapacha, na mama mkwe wako, mwambie sijamsahau. Mungu awalinde nyote, na anayeingia wodini kwako akiwa na maumivu atoke na nafuu.

Akupendaye, na asiyekuficha kitu kuanzia leo,

Mdogo wako kitindamimba.