Picha Tatu za Mguu wa Kushoto

Mahongole, Makambako
Jumapili, 9 Juni 2024

Mwanangu Fidelia,

Kamwene. Huku tu wazima, isipokuwa baridi imeingia bila kubisha hodi. Ninyi wa Njombe sijui mnaishije. Naandika kwa sababu simu ni ya mama yako, nayo ina sauti ya mkutano wa hadhara. Jirani yetu Letisia analeta parachichi sokoni kwenu, atakufikishia.

Mguu wa kushoto uliokuwa ukikaza nikipanda shambani sasa unakaza hata nikienda kanisani. Mama yako anadhani natafuta kisingizio. Daktari alinishika unyayo akitafuta mapigo, akatafuta mpaka nikamwonea huruma. Wakanipeleka altrasaundi. Kijana mmoja akanipaka uteute wa baridi pajani, mashine ikavuma kama upepo, ikafika mahali ikanyamaza. Mshipa wa damu umeziba, kasema. Sasa wanataka picha ya pili, Mbeya. Wametaja na ya tatu, ya kuingiza mrija ndani ya mshipa wenyewe.

Mimi nauza parachichi. Mnunuzi akibonyeza sawa, akitikisa asikie kokwa sawa. Akitaka kupasua namfukuza. Lililopasuliwa haliuziki.

Habari ya mrija, mama yako asiijue.

Baba yako,
Elius

Njombe, 12 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mama kifua chake kimepona? Mimi mzima, ila tangu nisome barua yako nakosea kuwarudishia wateja chenji.

Nimemuuliza daktari hapa. Altrasaundi haina madhara, lakini inategemea mkono wa anayeishika. Ya Mbeya ni sindano ya mkononi tu: dawa inasafiri na damu, mashine inapiga picha mishipa yote mpaka miguuni. Watakupima figo kwanza, maana dawa hiyo huweza kuzisumbua. Mrija hupita kwenye tundu dogo la kinenani. Sikufichi, mshipa unaweza kuvuja. Lakini baba, mrija ukikuta pameziba unaweza kuzibua hapohapo. Hizo nyingine zinatazama tu.

Nenda Mbeya. Tumbaku acha. Unijibu upesi.

Mwanao,
Fidelia

Mahongole, 7 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kifua cha mama yako kimepona, ananigombeza kwa pumzi ndefu.

Mbeya nilikwenda. Figo zimefaulu. Nikalazwa kwenye meza, nikasukumwa ndani ya pete kubwa kama mkate kwenye tanuri. Mwili ukapata joto hadi nikadhani nimejikojolea. Nilikagua, sikuwa nimejikojolea. Picha ni nzuri, Fidelia, hata mbavu zangu niliziona. Ila mishipa imejaa chokaa, nayo kwenye picha inang'aa sawa na dawa. Chini ya goti hawawezi kusema wapi pamefunga, wapi pamepita. Wanataka mrija, Dar es Salaam. Nikasema nitafikiri, nikapanda basi.

Mguu ni baridi kama wa maiti, kwa hiyo jioni nauweka juu ya jiko la mkaa, kama baba yangu alivyokuwa akifanya. Juzi mama yako akauliza nani anaunguza soksi. Ilikuwa yangu, na mguu ukiwa ndani! Nilikuwa sijasikia kitu. Tulicheka. Ngozi imetoka kidogo, nimepaka asali.

Baba yako,
Elius

Njombe, 8 Julai 2024

Baba,

Leo sisalimii, unisamehe.

Usicheke. Mguu usiosikia moto unakufa. Usiuweke tena karibu na jiko, uvae soksi mbili na uufunike blanketi. Kidonda kisipopata damu hakiponi hata kwa mzinga mzima wa asali, na baada ya hapo watakata.

Nimempigia mama. Ndiyo, na mrija nimemwambia. Nichukie. Nakuandikia, Letisia akuletee leo hii, kwa kuwa umekataa kuja kwenye simu. Kesho asubuhi niko hapo, na begi lako liwe mlangoni.

Fidelia

Dar es Salaam, 19 Julai 2024

Mwanangu Fidelia,

Natumaini ulifika salama na duka umelikuta. Huku ni joto, mama yako amevua sweta kwa mara ya kwanza tangu nimuoe. Amekaa hapa ananitazama kama sufuria ya maziwa, ndiyo maana naandika.

Jana waliniingiza. Hawakunilaza usingizi, walitia ganzi kinenani tu, kwa hiyo niliangalia kwenye kioo chao. Dawa ikashuka nyeusi pajani, ikasimama. Daktari akasema, "Mzee, tulia hivyohivyo." Nikamwambia naweza kwenda wapi? Akapitisha waya, akajaza kiputo kidogo cha kupanua mshipa, akakitoa, akamwaga dawa tena. Ikapita. Chini ya goti mishipa miwili imekufa, mmoja unatiririka. Kama mmoja utatosha, hawajaniahidi. Kidole kidogo hawana uhakika nacho.

Alfajiri kile kidonda cha moto kikaanza kuuma. Kinauma, Fidelia, kinauma hasa. Nesi kaleta dawa ya maumivu. Nimemwomba aiweke kwanza mezani.

Baba yako