Kitako kilichopungua vidole vitatu

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Alhamisi

Kukosea kipimo, mi fundi wa mbao miaka yote hii! Na mbele ya mtoto.

Yule Bwana mwenye shamba alirudi leo na binti yake kwenye karakana ninapofanya kazi, mtaa wa Mchesi. Juma lililopita aliniuliza bunduki gani ya kuwinda inamfaa binti. Nikamwambia achukue ile nyepesi, lakini nyepesi inapiga bega, basi nitapunguza kitako, ile mbao inayoegemea bega, na kubandika mpira wa tairi nyuma. Akaniachia kitako tu, mbao tupu. Chuma alirudi nacho nyumbani. "Mkimbizi na bunduki, hapana," alisema, akacheka. Mi sikucheka.

Kitako kinapimwa kwa mkono, toka kiwiko kilichokunjwa mpaka kidole cha kufyatulia. Binti hakuwepo siku ile. Baba alisema iko na miaka kumi na tatu, njo umri wa binti yangu Neema. Nikajiambia, mkono wa Neema naujua. Nikakata.

Leo binti alikiweka begani, shingo ikajikunja. Kifupi kwa vidole vitatu! Baba akanuna. Nikamshika binti mkono, nikapima, nikaongeza mpira juu ya mpira mpaka kikamkaa sawa. "Zikomo, bambo," alinishukuru.

Neema alipopanda ndege na mama yake alikuwa na miaka kenda. Dosie yangu ya kuwafuata ingali inangoja ofisini. Kwenye simu naona uso tu.

Kumbe mkono wake umerefuka vidole vitatu, na habari hiyo nimeipata kwa mtoto wa watu.