Jamvi la Bi Zuhura

Neema, mjukuu wangu,

Salamu zako zimenifika. Huku Mwanakwerekwe sote wazima, na mama yako kashapona kikohozi.

Unauliza kwa nini pichani nimekaa jamvini wakati kanisa letu la Kipresbiteri lina viti. Nilipokuwa msichana tulisali uani kwetu, watu kumi tu. Kila Jumapili nilikwenda kuazima jamvi kwa jirani yetu Mwislamu, Bi Zuhura. Tulipojenga kanisa na kununua viti, kwa furaha nikasahau kumwambia. Narudi kutoka ibada ya kwanza, nikamkuta barazani, jamvi keshalifagia, ananingoja.

Hakunilaumu. Mwezi uliopita kafariki, na wanawe wameniletea jamvi lile. Nalikalia, mjukuu wangu, kwa kuwa sina tena wa kumrudishia.

Akupendaye,
Bibi Tabitha