Picha ambayo Dani aliniambia niifute

Alhamisi. Mvua imenyesha hapa Kondele tangu saa saba mchana, na maji ya barabarani yamefika hadi kizingiti cha duka. Hakuna atakayekuja kupigwa picha ya pasipoti leo. Ni afadhali, maana sina moyo wa kumwambia mtu ainue kidevu.

Jumamosi tunamzika Dani. Ndivyo sisi Wajaluo tunavyowaita bibi zetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Alifariki wiki iliyopita nyumbani kwake karibu na Luanda Kotieno, usingizini, baada ya kula samaki wake vizuri. Kila mtu anasema alikufa vyema. Mimi pia nasema hivyo, halafu naingia chooni nalia.

Lakini kinachoninyima raha leo si kifo. Ni uongo wangu.

Kwenye kikao cha matanga, Baba Mdogo Owino aliuliza ni nani ana picha nzuri ya Mama. Kwetu mtu hasindikizwi kaburini bila picha. Kuna ya kubebwa kwenye fremu mbele ya jeneza, kuna ya jalada la kijitabu cha ibada, na wajukuu wanataka ya kwenye fulana. Watu wote waligeuka wakanitazama. Mimi ndiye mpiga picha wa ukoo, nimepiga mazishi ya watu nisiowajua kuanzia Seme hadi Nyakach. Nikajibu bila kupepesa macho, "Iko."

Haikuwepo. Nilikuwa natumaini tu.

Miezi mitatu iliyopita nilimtembelea, nikamkalisha kwenye kiti nje ya nyumba yake. Alivaa kitambaa kipya kichwani, akafunga mdomo, akatazama mbele. Nikampiga picha tatu. Nilipomwonyesha kwenye kamera aliitikia kwa kichwa, akasema hizo ndizo zitakazotumika siku yake. Alisema bila huzuni yoyote, kama anayechagua nguo ya kanisani. Nikataka na ya nne. Nikarudi kinyumenyume ili nipate na mlango, nikajikwaa, nikakalia beseni la vyombo lililojaa maji.

Dani alicheka. Nikiwa bado ndani ya beseni, nikabonyeza.

Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Kichwa nyuma, macho yamefumbwa, mdomo wazi wote, na pale chini pengo la meno sita. Watu wa umri wake waling'olewa meno ya chini wakiwa wadogo, hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya Mjaluo. Hakuona aibu mpaka alipokuja kukaa kwa shangazi mjini, watoto wa jirani wakawa wanamjia mlangoni kumwomba afungue mdomo waone. Tangu hapo alicheka akiwa ameziba kwa kiganja. Mbele ya pasta aliziba, mbele ya wakwe aliziba. Mbele yangu hakuziba.

"Futa hiyo," aliniambia kwa Kijaluo. "Futa nikiona."

Nikaifuta huku amenishika mkono. Nikamwahidi kwamba hakuna mtu atakayeiona.

Kisha nikarudi mjini na uzembe wangu. Kadi ya kamera ambayo bado sijahamisha picha zake huwa naitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Siku ile niliahirisha nukta. Ijumaa yake nikaiokota mezani, nikaifomati, yaani nikaifuta yote, bila kuangalia, nikaenda nayo kwenye harusi Muhoroni. Nilipogundua nilichofanya niliitia kadi kwenye droo, na sikumwambia mtu. Nilijiambia nitarudi kumpiga nyingine. Sikurudi.

Kwa hiyo niliposema "Iko," nilikuwa nategemea programu ya kurejesha picha. Nimeshawaokolea watu wengi picha zao kwa njia hiyo, kwa nini nisijiokoe mwenyewe? Picha ikifutwa haiondoki papo hapo. Kamera huondoa jina lake tu kwenye orodha, na nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi. Mpaka picha nyingine ije ikae pale pale, ya zamani bado ipo.

Leo asubuhi nilichomeka kadi kwenye kompyuta nikaanza kuichambua. Zilitangulia picha za harusi. Kwaya, wazee wa pande zote mbili, watoto wakigombania soda. Mahali zilipokuwa zile tatu za Dani, sasa bibi harusi anamlisha mama mkwe keki. Zimefunikwa kabisa, hakuna fundi wa kuzirudisha. Nakumbuka mvua ilinyesha baada ya hiyo keki, watu wakakimbilia ndani, nami nikaifunga kamera.

Picha iliyofuata kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa Dani anacheka.

Nzima. Hata tone la maji ya beseni linaonekana hewani.

Nililia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu afe, nililia kwa furaha. Alikuwa hai pale, yule ninayemjua mimi. Picha nyingine pekee aliyonayo duniani ni ya kitambulisho, na kwenye ile anaonekana kama mtu aliyeitwa kwa chifu kujibu mashtaka.

Ngoja niandike nilichowaza, hata kama kinaniaibisha. Niliwaza kwamba hakuna anayejua. Niliwaza fremu ikitangulia mbele ya jeneza, watu wakishika vifua, wakiulizana nani aliipiga. Nikajiambia kwamba marehemu hana haya tena. Nikajiambia kuwa pengo lile ni heshima na vijana waone. Labda ni kweli. Lakini Dani hakuniomba niwafunze vijana. Aliniomba nifute.

Na kama nisingepoteza zile tatu, ningeanza kweli kufikiria mambo ya heshima?

Saa tisa Baba Mdogo alipiga simu.

"Nyathina," alisema, yaani mtoto wangu, "hawa watu wa kuchapisha wananingoja. Tuma hiyo picha."

"Baba, haiko. Niliipoteza mimi."



"Si ulituambia iko? Mbele ya watu wote?"

"Nilisema."

"Sasa tubebe mama yangu na ile ya kitambulisho? Kwani alikuwa mwizi?"

Nikamwambia pole. Akakata simu. Sijawahi kumsikia akikaribia kulia, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Maandishi haya nitayaweka kwenye blogu baada ya mazishi. Baba Mdogo, ukiyasoma, utajua kwamba ilikuwepo nyingine na nilikunyima. Kasirika, una haki. Najua pia kwamba kuieleza hivi ni namna ya kuionyesha. Hapo nimemkosea kidogo Dani, na sijui jinsi ya kuomboleza bila kumkosea.

Programu inaniuliza kama nataka kuihifadhi picha. Nimekaa mbele ya swali hilo zaidi ya saa nzima. Sasa hivi nimebofya "hapana" na kuifunga. Nimeichomoa kadi.

Kumbe siku ile sikuwa nimefuta chochote. Nilimdanganya bila kukusudia.

Kwa hiyo Jumamosi nitaitia kadi hii hii kwenye kamera. Nitapiga kwaya, nitapiga wajukuu na fulana zao, nitapiga wanawe wakisimama kando ya jeneza kuanzia mkubwa hadi mdogo. Nitapiga mpaka kadi ijae. Ipo moja kati ya hizo itakayokaa juu ya kicheko chake, na sitajua ni ipi. Nitaendelea tu kupiga.